Boxster ya msimu na chaja ya kutunza betri: jibu refu kutoka Malindi

Ndugu, uzi nimeusoma wote. Kwa anayeingia sasa: mwenzetu anaangalia nyumba ya tajiri wake Mtaliano pale Casuarina. Gerejini mna Porsche Boxster ya 2007, ile inayoitwa 987, na inalala tangu baada ya Pasaka mpaka Desemba tajiri anaporudi. Mwaka jana alipofika alikuta betri imekufa, boneti ya mbele haifunguki, na betri yenyewe imo humo humo ndani ya boneti. Safari hii, kabla hajapanda ndege, ameacha chaja ndogo ya kutunza betri ikiwa bado kwenye boksi lake, na agizo moja tu: iunganishwe. Mwenzetu anauliza iunganishwe wapi, kama inaweza kuachwa imechomekwa miezi yote hiyo, stima ikipotea itakuwaje, na ile plagi ya kwao isiyoingia kwenye soketi zetu aifanyeje.

Mimi ni fundi wa umeme wa magari hapa hapa mjini. Kusi ikianza kuvuma, wageni wakishaondoka na hoteli zikapunguza watu, kazi yangu kubwa huwa ni magari yaliyolala. Nivumilie, jibu ni refu.

Kwanza niwajibu waliotangulia. Aliyesema uwashe gari kila Jumapili dakika kumi nia yake njema, ila usimfuate. Stata inachukua umeme mwingi kwa mkupuo, na injini ikinguruma papo hapo bila mwendo, oltaneta hairudishi kilichochukuliwa pamoja na kilichovuja wiki nzima. Juu ya hayo injini haifiki joto lake, kwa hiyo mvuke unabaki kwenye ekzosi na kwenye oili. Kwa hewa yetu hii, ambayo chumvi inaloa mkebeni kabla hujaimaliza, huna haja ya kuongeza maji mengine. Gari likitoka litoke kweli, liende Watamu lirudi, na anayeliendesha awe yumo kwenye bima. Sidhani kama tajiri wako amekuandika kwenye bima ya Porsche.

Aliyesema ung'oe terminali ya hasi hakukosea sana. Kwa pikapu ya shamba mimi mwenyewe ningefanya hivyo. Lakini boneti ya mbele ya 987 hufunguka kwa umeme. Ukitenganisha betri kisha ukafunga boneti, umejifungia nje. Vioo vya milango navyo havina fremu. Ukivuta kitasa, kioo hushuka kidogo ili kitoke kwenye mpira wa paa, na betri ikiwa haina kitu kioo hakishuki, mlango unafunguka huku kioo kikisuguana na mpira. Fanya hivyo mara chache halafu utatafuta mahali paa linapovujia masika. Isitoshe, betri iliyotenganishwa inaendelea kujimaliza yenyewe ndani kwa ndani. Kwenye baridi ya nyuzi 20 betri nzuri hupoteza kama asilimia 3 hadi 5 kwa mwezi, na joto likipanda nyuzi 10 kasi hiyo hukaribia maradufu. Gereji ya mabati, Malindi, hesabu mwenyewe.

Ikiachwa imeunganishwa bila chaja ndiyo mbaya zaidi, na kilichompata tajiri wako mwaka jana si bahati mbaya. Gari la kisasa halizimiki kabisa. Kuna alamu, kuna kipokezi kinachosubiri rimoti, kuna saa na kompyuta. Likiwa limefungwa kwa kawaida hunywa miliampi 20 hadi 50. Tuseme 50: kwa siku ni saa-ampi 1.2 (saa-ampi moja ni ampi moja ikitoka saa nzima), kwa mwezi ni 36. Betri ya saa-ampi 70 inakuwa imebaki nusu mwezi wa kwanza ukiisha, na kabla mwezi wa pili haujaisha stata haizunguki. Kama bima au benki iliwahi kufungisha traka humo, nayo ina mdomo wake. Kutoka Pasaka mpaka Desemba hakuna betri itakayofika.

Na ikishafika chini haikai ikingoja. Salfeti inayotengenezwa kwenye mabamba ya risasi ndani ya betri kila inapotoa umeme huganda ikawa ngumu, na chaja utakayoileta baadaye haiyeyushi yote. Ndiyo maana betri iliyokaa imekufa miezi hata ukiifufua haina nguvu ile ya kwanza. Hapo ndipo nina swali kwako: ile ya mwaka jana ilibadilishwa, au ilijampiwa tu, yaani gari likawashwa kwa umeme wa betri nyingine, tajiri akaendelea na likizo yake? Hukusema, na jibu lote linategemea hapo.

Kama hujui, ipime kabla hujafungua boksi la chaja. Ichajiwe ijae, itolewe kwenye chaja, ilale usiku kucha. Asubuhi weka mita ya kupimia volti kwenye vichwa vyake. Ikisoma volti 12.6 hadi 12.8 ni nzima. Zile za AGM, ambazo asidi yake imenyonywa kwenye mikeka ya nyuzi za kioo, husimama juu kidogo ya hapo. 12.4 maana yake robo imeondoka, 12.2 ni nusu. Betri iliyochajiwa ikajaa kisha ikalala kwenye 12.2 haina kesho, mwambie tajiri anunue nyingine sasa. Usiiunganishe chaja ya kutunza ukidhani miezi minane itaiponya. Betri yenye seli iliyokufa chaja haioni mwisho wake, inaendelea kusukuma, betri inapata moto na kutoa gesi, na juu yake pengine ni makuti.

Jambo moja kuhusu kipimo hicho: ukifungua mlango au boneti kompyuta za gari zinaamka, na mita inasoma chini kuliko ukweli. Ukifungua, acha gari litulie kama saa moja ndipo upime. Ukishafunga ule waya wa kudumu nitakaoueleza, utapima kwenye ncha yake bila kufungua chochote.

Sasa chaja. Hukutaja ni ya kampuni gani, lakini geuza boksi usome. Umeme unaoingia uwe volti 220 hadi 240. Kwa kuwa imetoka Italia itakuwa sawa. Nasema kwa faida ya wale wanaoletewa za Marekani za volti 120 peke yake, ambazo hapa hufa kabla hujaondoa kidole kwenye swichi. Kisha linganisha aina ya betri na kitufe cha chaja. Betri ya kawaida ya asidi ina alama yake, AGM ina yake, lithiamu ina yake. Karibu mwaka 2010 Porsche walianza kuuza betri ya lithiamu kama nyongeza kwa baadhi ya 911 na Boxster Spyder, na mtu anaweza kuwa ameinunua baadaye akaiweka kwenye gari la kawaida. Hiyo usiiguse kwa chaja isiyoandikwa lithiamu. Usibahatishe, soma karatasi iliyobandikwa kwenye betri.

Inaweza kuachwa miezi? Ndiyo, kazi yake ni hiyo. Inasukuma mpaka karibu volti 14.4, AGM hufika 14.7, kisha ikiona betri imejaa inashuka na kukaa kwenye 13.6 hivi, ikirudisha kile tu kinachovuja. Chaja kubwa ya gereji, ile nzito yenye mshale, haijui kushuka. Ukiiacha wiki inachemsha maji ya betri mpaka mabamba yanabaki wazi. Hizo mbili usizichanganye kwa sababu tu zote zinaitwa chaja.

Joto letu lina neno hapo. Hiyo 13.6 ni ya nyuzi 25. Kwenye nyuzi 35 betri inataka pungufu kidogo, kama volti 0.2 au 0.3 chini. Chaja nzuri hupima joto na kushusha yenyewe, CTEK MXS 5.0 kwa mfano. Kama yenu haifanyi hivyo si mwisho wa dunia, ila fungua matundu ya hewa ya gereji, na kama betri ni ya kufunguka kagua maji yake kila baada ya wiki chache. Ongeza maji ya betri, yaani maji safi yaliyotoneshwa, si asidi. Vichupa vya vitu hivyo viwili vinauzwa rafu moja na vinafanana, soma kabla hujamwaga. Usije ukaiwekea saa ya kuzima na kuwasha kila siku ukidhani unaipumzisha. Kila ikiwaka upya inaanza tena kule juu kwenye 14.4.

Haya, inaunganishwa wapi. Klipu za kuuma moja kwa moja kwenye betri ni za usiku mmoja. Ukizitumia miezi, boneti lazima ibaki wazi, na boneti iliyo wazi kusi nzima ni gesti ya panya. Nimetoa viota humo vilivyojengwa kwa sponji ya gari lenyewe.

Soketi ya kiberiti cha sigara ni njia halali. Porsche wenyewe wamewahi kuuza chaja ya kuchomeka hapo. Sharti ni kwamba soketi ibaki na umeme ufunguo ukiwa nje. Funga gari, subiri saa nzima, kisha pima: katikati ni chanya, pembeni ni hasi. Ikisoma 12 na kitu, inafaa. Tatizo langu nayo ni la hapa kwetu. Ile plagi inashikwa na springi tu, na hewa ya chumvi ikishaweka ukungu kwenye chuma mguso unapotea, wewe unaona taa ya chaja inawaka kumbe betri haipati kitu. Waya nao unabanwa mlangoni.

Mimi nafunga waya wa kudumu. Karibu kila boksi la chaja ya namna hii lina kipande cha waya chenye pete mbili upande mmoja, fyuzi katikati, na plagi ndogo yenye kifuniko upande mwingine. Watu wengi hawakitoi hata kwenye nailoni yake. Kwenye 987 fungua boneti ya mbele, tazama upande wa kioo: kuna kifuniko cha plastiki, chini yake ndiyo betri. Ufunguo wa gari uwe mfukoni mwako muda wote, na boneti isifungwe mpaka umemaliza na kujaribu.

Chukua spana ya 10, izungushie utepe mweusi wa umeme mpaka ubaki mdomo peke yake. Spana tupu ikigusa kichwa chanya na bodi kwa wakati mmoja inang'ang'ania papo hapo kwa cheche, na pete ya ndoa kidoleni hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo ivue. Kama kuna unga mweupe au wa kijani vichwani, usugue kwa maji ya moto yenye bikabonati ya soda na mswaki wa zamani, suuza kidogo, kausha kabisa. Legeza nati ya kibano cha chanya bila kukitikisa kibano, valisha pete nyekundu chini ya nati, kaza. Pete nyeusi iende kwenye kibano cha hasi au kwenye boliti ya bodi iliyo karibu. Kwa wanaosoma hapa wenye BMW za kisasa na nyinginezo zenye kihisi kwenye kichwa cha hasi, nyeusi ipeleke kwenye bodi, si juu ya kichwa chenyewe, la sivyo kompyuta haioni kuwa betri imechajiwa. Vaselini paka baada ya kukaza, juu kwa juu. Ukiipaka kabla, unaikalisha katikati ya chuma na chuma.

Angalia fyuzi iko upande gani. Ile ya ampi 10 au 15 iwe karibu na kichwa chanya. Waya ukija kubanwa na boneti mbele ya fyuzi, upande wa plagi, fyuzi inakatika na habari inaishia hapo. Ukibanwa nyuma yake, upande wa betri, betri nzima inamwaga umeme wake kwenye bodi.

Upitishe waya pembeni, chini ya mpira wa boneti, mahali pasipo na ncha ya bati, ncha yake itokeze karibu na kioo. Kabla ya kufunga, bonyeza rimoti uhakikishe kitasa cha boneti kinalia na kuachia. Kisha shusha boneti polepole huku mwenzako ameushika waya. Akiuvuta na ukasogea kidogo, haujabanwa.

Utaratibu wa kuchomeka ni kuanza na gari, kisha ukuta. Kutoa ni kuanza na ukuta, kisha gari. Betri inayochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, na hutaki cheche izaliwe juu yake.

Mpaka hapo ni kazi ya asubuhi moja. Magari mengi ninayoitiwa Novemba na Desemba yalikuwa na chaja, imefungwa vizuri kabisa, na betri imekufa. Sababu iko ukutani.

Nyumba za msimu unazijua. Tajiri akishaondoka, msimamizi anazima swichi kuu, anabakisha taa ya getini na ya chumba cha mlinzi. Simlaumu. Tokeni ni pesa, na makuti yakishika moto hayangoji mtu. Kila anayeishi kati ya Malindi na Watamu ameshaona hoteli au nyumba ikibaki kuta. Lakini swichi ikizimwa, gereji imezimwa nayo, na chaja inabaki pambo. Mwite fundi wa nyumba mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati, aitengenezee soketi ya gereji breka yake peke yake, pamoja na ile inayokata umeme unapovuja, ili nyumba yote izimwe na hiyo ibaki. Andika kwa kalamu nene pembeni yake: GARI, USIZIME. Mlinzi wa zamu ya usiku si yule aliyekuwepo ulipoeleza.

Gharama isikutishe. Chaja iliyokwisha kujaza betri hutumia wati chache. Chukua wati 5 saa zote, kwa mwezi ni uniti 3.6. Kinachotisha ni tokeni kuisha Agosti na hakuna mtu ndani wa kuisikia mita ikilia. Kubaliana na tajiri mapema nani anatuma za kununulia, na ziwekwe za kutosha.

Stima kupotea si tatizo kwa betri. Saa sita au siku moja bila chaja haisikii. Tatizo ni stima inaporudi. Fanya jaribio hili leo: chomeka chaja kwenye gari, chagua aina ya betri, iache dakika tano. Zima ukutani. Tazama taa za chaja: zikiendelea kuwaka, ujue sasa chaja ndiyo inayonyonya betri, na hiyo ni alama mbaya. Kisha washa tena bila kugusa kitufe. Ikirudi yenyewe kwenye aina ileile na kuanza kazi, tumefaulu. Ikirudi imesimama inangoja kubonyezwa, irudishe kwenye boksi, hiyo imetengenezewa nchi ambayo stima haipotei.

Umeme ukirudi huja kwa kishindo pia. Tumia friji gadi, ileile unayoichomekea friji. Inachelewesha dakika chache mpaka volti zitulie, na zikipanda au kushuka kupita kiasi inakata. Za Sollatek zinapatikana mpaka Mombasa kwao na kwenye maduka ya umeme ya hapa. Ni bei ndogo mno ukilinganisha na chaja.

Chaja itundikwe kwenye ukuta wa mawe, juu kuliko maji ya mvua yanapofika. Mwezi wa tano gereji nyingi za Casuarina huingia maji, na ekstensheni iliyolazwa sakafuni ndiyo ya kwanza kuonja. Isikae juu ya ubao, wala chini ya paa la makuti linalodondosha unga wake, wala juu ya kile kifuniko cha kitambaa cha gari. Ukiweza usitumie ekstensheni kabisa. Kama huna budi, iwe moja, nzima, isiyoungwa kwa utepe. Na ziba matundu ya soketi zisizotumika: mjusi kafiri anapenda joto la soketi, na akijinyoosha kati ya chuma na chuma anakata umeme wa gereji nzima pamoja na uhai wake.

Kisha mpe mtu zamu ya kutazama. Picha ya taa ya chaja kwenye WhatsApp kila Ijumaa, na kila baada ya stima kupotea, inatosha. Mtumie tajiri pia. Desemba akija na maswali, una picha zenye tarehe. Mara moja kwa mwezi toa chaja jioni, asubuhi pima kwenye ncha ya ule waya, rudisha. Ikiwa ilikuwa 12.7 mwezi wa tano na sasa inasoma 12.4, betri inakuaga, na una muda wa kuagiza nyingine kabla ya msimu.

Kwa wenye nyumba zisizo na stima kabisa huko Mayungu, sola ndogo ya wati 10 au 20 yenye kidhibiti chake inafanya kazi hiyohiyo, mradi paneli iwe nje juani na ifutwe chumvi. Paneli niliyowahi kuona imewekwa kwenye dashibodi ndani ya gereji yenye giza sitaieleza.

Ikiwa unasoma haya na betri imeshakufa tena na boneti imefungwa, usiiguse kwa mtaimbo. Fungua mlango kwa ufunguo wenyewe. Kwenye kisanduku cha fyuzi, chini ya dashibodi pembeni mwa miguu, kuna pini ya kuvutwa nje ambayo ni ya chanya. Ivute, unganisha chanya ya betri nzima hapo, na hasi yake kwenye chuma kitupu kilicho kwenye bodi, kile kinachoshikwa na kitasa mlango ukifungwa. Bonyeza rimoti ya boneti. Alamu inaweza kulia, ifunge na kuifungua kwa rimoti itanyamaza. Mahali hapo ni pa kufungulia boneti tu. Usiwashe gari kupitia hapo, wala usichaji. Nyaya zake ni nyembamba.

Matairi, petroli iliyolala na mpira wa paa vina nyuzi zao humu, vitafute. Kwa Desemba, funga kitambaa chekundu kwenye usukani siku unayochomeka chaja. Mtu aliyesafiri usiku kucha akikuta Porsche yake imejaa umeme anawasha na kurudi nyuma bila kutazama, na waya unafuatana naye na kipande cha ukuta.

Imebaki plagi. Usiingize kalamu kwenye tundu la juu la soketi ili miguu miwili iingie kwa nguvu. Najua kila nyumba inafanya hivyo kuchajia simu, lakini simu haikai miezi minane bila mtu. Miguu ile inashika nusu nusu, inapata moto, plastiki inalainika. Nunua adapta nzito ya kukaza kwa skrubu, au kama tajiri anaridhia, kata ile plagi uweke yetu ya miguu mitatu. Waya wa chaja hizi mara nyingi ni wa nyuzi mbili: kahawia kwenye L, samawati kwenye N, pa athi pabaki patupu. Ukikuta wa nyuzi tatu, ule wa kijani na njano uende athi. Plagi zetu huuzwa zikiwa na fyuzi ya ampi 13 ndani. Itoe, weka ya 3.